Somo la Lugha za Kinordiki na Mwambao wa Liuli



Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake lenye sura ya sanamu ya Misri, iliingia katika vitabu vya historia kwa mlio wa mzinga. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwaka huohuo, katika mji wa Uppsala nchini Uswidi, ilianzishwa hifadhi ya lahaja za vijijini. Matukio haya hayahusiani. Nimeyaweka pamoja ili niulize: kwa nini usemi wa mwanakijiji wa Uswidi ulipewa nyumba yake karibu na chuo kikuu, na ule wa mvuvi wa Ziwa Nyasa haukupewa?

Jibu moja limo katika historia ya somo lenyewe. Chuo Kikuu cha Copenhagen kilimteua N. M. Petersen kuwa profesa wa lugha za Kinordiki mwaka 1845. Uppsala ilimpa Adolf Noreen kiti kama hicho mwaka 1887. Tazameni jina la kiti: si Kideni peke yake, wala Kiswidi peke yake. Somo liliziweka pamoja lugha za ukoo mmoja, yaani Kideni, Kiswidi, Kinorwe, Kiaislandi na Kifaroe, zikasomwa pamoja na fasihi zake na maandishi ya kale ya Aislandi. Lahaja haikuhesabiwa kuwa kosa la lugha sanifu, ilikuwa ushahidi.

Kwangu mimi, mtu wa kukumbukwa zaidi katika habari hii hakuwa profesa. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima wa Norwe, hakusoma chuo kikuu. Nchi yake ilikuwa imetengana na Denmark mwaka 1814, lakini iliendelea kuandika Kideni. Kati ya 1842 na 1846 alizunguka mabonde na mwambao akikusanya lahaja, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Katika kazi hiyo ukachipuka usanifu wa pili wa Kinorwe, na mwaka 1885 bunge likaupa hadhi sawa na ule wa kwanza. Wanorwe wamebishana juu yake tangu hapo. Simtaji ili tumwige: yeye alishughulika na lahaja za lugha moja, nasi tuna lugha zaidi ya 100.

Turudi Liuli. Ndipo alipofariki na kuzikwa, mwaka 1928, William Percival Johnson, mmisionari aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1876 na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mwaka huohuo wa 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi ule ulitufaa sana, nani atakanusha? Ila ulituachia pia mazoea ya kukisoma Kiswahili kama mtoto wa pekee asiye na ndugu, huku Kimpoto, Kimatengo, Kimanda na Kinyanja vikiachiwa mmisionari, na baadaye mwanaisimu.

Mwanaisimu alikuja, na mara nyingine alitoka Kaskazini. Kuanzia mwaka 2001 vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Gothenburg vilishirikiana katika Mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009. Mwaka 2017 Rasmus Bernander alitetea hapo Gothenburg tasnifu ya uzamivu kuhusu sarufi ya Kimanda, lugha ya mwambao wa ziwa hilohilo.

Nawapongeza, sina kinyongo. Lakini katika somo la Kinordiki, sarufi ya namna hiyo ingefundishwa darasa moja na lugha ya taifa, pamoja na hadithi zake. Kwetu, nyakati za kitenzi cha Kimanda huishia kuwa data ya isimu, na mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia mwambao ule anaweza kuhitimu bila kuulizwa hata mara moja bibi yake husemaje. Tasnifu ile, nayo, imeandikwa kwa Kiingereza.