Wakati wa Isingiro: Kutoka Saa za Ng'ombe hadi Saa ya Vitufe Vitatu

Kabla saa ya chuma haijafika Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, siku ilihesabiwa kwa ng'ombe. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Makerere, aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alfajiri ilikuwa wakati wa kukamua. Jua la utosini, watu na mifugo walipumzika. Baadaye yalichotwa maji visimani, ng'ombe wakanywa, kisha wakarudi malishoni. Jioni waliingia zizini na kukamuliwa tena. Aliyeahidi kufika ng'ombe wanapokunywa alieleweka na kila mtu.

Juu ya hesabu hiyo ikaja nyingine. Biashara ya pwani ilipoingia bara ilikuja na saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa asubuhi, na hadi leo Wanyankole na Waganda huhesabu vivyo hivyo: saa moja huhesabiwa tangu asubuhi, si tangu usiku wa manane. Kisha wakaja Waingereza. Mkataba wa Ankole wa 1901 uliiingiza nchi hiyo katika himaya ya Uganda, na mwaka 1911 wamisionari wa Kianglikana wakafungua shule ya Mbarara High School pale Ruharo, mjini Mbarara. Ofisi na shule zilikuwa na ratiba, na ratiba iliandikwa kwa saa za Ulaya. Ikawa kawaida karatasi kusema 7 na mdomo kusema moja.

Saa ya mishale iliubeba mgongano huo bila taabu. Mshale mfupi ukielekea 7, msomaji hutazama upande wa pili wa duara na kukuta 1. Ukielekea 10, ng'ambo yake ni 4, nayo ni saa nne. Mtoto hufundishwa jambo hilo mara moja tu, kisha jicho huzoea. Uso mmoja ulisomeka kwa hesabu mbili.

Saa ya dijitali iliufuta uso huo.

Ilianzia mbali. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani. Mwaka 1972 Hamilton ya Marekani ikaanza kuuza Pulsar, saa isiyo na mshale hata mmoja, kwa dola 2,100. Mvaaji alibonyeza kitufe ndipo tarakimu nyekundu zikawaka. Mwaka huohuo rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na maduka katika miji kama Mbarara yakapoteza wenyewe. Bidhaa za viwandani zikaadimika, magendo yakashamiri. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara, na vita vikauacha mji magofu. Wakati bei za saa za tarakimu zikishuka hadi dola chache huko Marekani, watu wa Mbarara walikuwa wanatafuta sabuni na chumvi.

Mwaka 1989 kampuni ya Casio, nayo ya Japani, ilitoa saa ya tarakimu iitwayo F-91W, iliyobuniwa na Ryusuke Moriai. Ni ya plastiki, ina uzito wa gramu 21 hivi, na betri yake hudumu karibu miaka saba. Yenyewe na nakala zake zisizo na idadi zimeenea katika miji ya Afrika Mashariki, na kwa watu wengi ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya mashine yenye kazi nyingi: saa, tarehe, kengele, mlio wa kila saa, kipima mbio na taa.

Vitufe ni vitatu tu, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa kitufe kilekile huweza kubadili kazi kulingana na ukurasa uliopo. Cha kushoto chini hupeleka kwenye kengele, kisha kwenye kipima mbio, kisha kwenye kurekebisha saa, ambako sekunde huanza kumetameta. Hapo kitufe cha taa huacha kuwa cha taa pekee. Kinahamisha mmeto kutoka sekunde kwenda saa, dakika, mwezi, tarehe na siku. Cha kulia huongeza namba. Huongeza tu, hakipunguzi. Karatasi ya maelekezo haina Kiswahili, basi elimu ilipita kwa fundi saa kando ya barabara, au kwa kijana wa nyumbani aliyekwisha kubonyeza kila kitu.

Mtu aliyehesabu kwa Kiswahili alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha saa iseme 7:00 na kutoa au kuongeza sita kichwani kila mara. Ya pili ni kuiseti iseme 1:00 asubuhi, na hapo huibuka jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiria. Akiseti 1:00 yenye alama ya AM, tarehe hubadilika saa kumi na mbili alfajiri. Akiseti 1:00 yenye PM, tarehe hubadilika saa kumi na mbili jioni. Namna hii ya pili ndiyo hesabu ya kale ya pwani na ya Kiislamu, ambayo siku mpya huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Kosa la kitufe kimoja liliweza kuirudisha siku ya mababu kwenye kioo cha Kijapani.

Mambo hayo yote hukutana Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi, katika wilaya ya Isingiro huko Ankole, karibu na ziwa lenye jina hilo, yalianzishwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia Rwanda. Baadaye walifika Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Warundi kwa wingi kuanzia 2015. Leo wakazi ni zaidi ya laki moja, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao sokoni.

Anayetoka Bukavu, Kigali au Bujumbura hufika na saa iliyo nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kwenye F-91W, ukishafika kwenye kurekebisha saa, hilo ni bonyezo moja la kuongeza. Akirudi kwao, kwa kuwa namba haipungui, itabidi izungushwe hatua 23 mbele ili AM na PM zibaki mahali pake. Atagundua pia kwamba jua la Isingiro huchelewa: wilaya hii iko ukingoni magharibi mwa majira ya Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, ilhali kwao huchomoza karibu saa kumi na mbili. Jua ni lilelile. Kilichohama ni namba.

Mwethiopia hahitaji kusogeza saa, naye huhesabu kuanzia asubuhi kama Mswahili. Tatizo lake ni tarehe: kalenda ya kwao ina miezi 13, na kioo cha Casio huishia 12. Hata Februari ya saa hiyo ina siku 28 daima. Siku ya 29 Februari 2024 ilionyesha tarehe 1 hadi mwenyewe aliporekebisha.

Kwa Waislamu kuna saa ngumu zaidi, zile za adhana. Hutaka mji, njia ya kukokotoa nyakati, madhehebu kwa ajili ya Alasiri, na mwelekeo wa kibla. Uchaguzi wa mji si jambo dogo. Kampala iko mashariki ya Nakivale, na jua huzama huko dakika sita au saba hivi mapema. Mfungaji aliyeiwekea saa yake Kampala angefuturu Nakivale kabla ya magharibi kuingia.

Simu zimeondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tangu MTN ilipoanza huduma Uganda mwaka 1998, vifaa vimezidi kujirekebisha vyenyewe kwa mtandao. Lakini simu iliyowekwa Kiswahili, na hata saa janja iliyounganishwa nayo, bado huandika 7:00 pale ambapo msemaji wa lugha hiyo anasema saa moja. Saa ya 1989 ilikuwa na udhuru, maana ilikuwa kifaa kidogo cha bei rahisi kilichoundwa kwa kazi chache. Simu ya leo inajua mawio ya kila kijiji cha Isingiro kwa dakika, na kutoa sita ni hesabu nyepesi kwake kuliko yote inayofanya. Watengenezaji wangeweza kuongeza chaguo la saa za Kiswahili pamoja na chaguo la siku kuanza magharibi, na Waethiopia wa Nakivale wangelifungua siku hiyohiyo pamoja na Wakongo.