Vito vya Arusi za Kifalme

Tangu zamani wanadamu wamependa kupamba siku ya arusi. Wasomaji wetu wanajua habari za mtumishi wa Ibrahimu, aliyempa Rebeka pete na vikuku vya dhahabu pale kisimani, hata kabla hajafika kwa baba yake. Huku kwetu bibi zetu walivaa shanga na masango ya shaba; na upande wa Unyamwezi watemi walivaa kibangwa, yaani kipande cha kombe la bahari kilichochukuliwa na wapagazi kutoka pwani. Kombe lile pwani lilikanyagwa mchangani, lakini barani likawa alama ya enzi. Basi kito hakijipi cheo. Cheo hupewa na watu. Leo twataka kueleza habari za vito vitatu vya arusi, na kimoja katika hivyo kilitoka katika ardhi ya jirani zetu, ili tuone vimepita katika mikono ya nani, na vimewafaa nani.

Kito cha kwanza ni almasi ya Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, inayopakana na Singida yetu. Mwaka 1940 Bwana John Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Kanada, aliyekuwa ametafuta kwa miaka mingi katika taabu na upungufu wa fedha, aligundua huko mahali penye almasi, mojawapo ya makubwa kabisa duniani. Mwezi wa Oktoba 1947 ilipatikana mgodini almasi ya rangi ya waridi, rangi iliyo adimu sana, yenye uzito wa karati 54.5. Karati tano ni gramu moja. Basi jiwe lile halikufika hata gramu 11, na mtu angeweza kulificha katika kiganja bila kuonekana.

Tarehe 20 Novemba mwaka ule ule, Binti Elizabeth wa Uingereza aliolewa London, na Williamson akampa jiwe hilo kuwa zawadi ya arusi. Halikuweza kuvaliwa siku ile, kwa kuwa lilikuwa bado halijachongwa. Mwaka 1948 mafundi wa London walilichonga, na lilipokwisha lilikuwa na karati 23.6 tu, zaidi ya nusu yake ilipotea ili iliyobaki ing'ae. Mwaka 1953 masonara wa Cartier walilitia katika bizimu, yaani pambo la kubana nguo kifuani, lenye umbo la ua na bua na majani yake, almasi ya Mwadui ikiwa katikati na almasi nyeupe zikiizunguka. Malkia Elizabeth alilivaa pambo hilo mara nyingi. Alilivaa hata mwaka 1981 katika arusi ya mwanawe Charles. Malkia alifariki mwaka 2022. Williamson mwenyewe alikuwa amekufa zamani, mwaka 1958, na mwaka huo mgodi uliuzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Hatumlaumu mtoaji wala mpokeaji, kwa maana zawadi ya arusi ni jambo jema. Lakini twajiuliza: je, ni watoto wangapi wa Shinyanga na Singida wajuao ya kuwa ua lile lililong'aa mbele ya wafalme lilitoka katika udongo uliochimbwa na baba zao na babu zao? Jiwe limeitwa kwa jina la mwenye mgodi. Mikono iliyochimba haikuandikwa juu yake.

Sasa tuvuke kwenda Uswidi. Nchi hiyo si ngeni kwetu, kwa kuwa wamisionari wa Augustana walioleta Injili huku walitoka katika sinodi iliyoundwa Marekani mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Uswidi na Norwei. Katika nyumba ya kifalme ya Uswidi iko taji ya dhahabu na lulu, yenye vito vilivyochongwa sura za watu. Kwanza ilikuwa mali ya Josephine, mke wa Napoleon, Kaisari wa Ufaransa. Napoleon alimwacha mkewe mwaka 1809, na mwaka 1814 enzi yake mwenyewe ilianguka. Lakini taji ilidumu. Mjukuu wa Josephine, aliyeitwa Josephine vilevile, aliolewa na Oscar, mrithi wa ufalme wa Uswidi, mwaka 1823, na kwa njia yake taji ikafika kaskazini. Silvia aliivaa siku ya arusi yake na Mfalme Carl Gustaf mwaka 1976, na binti yao Victoria aliivaa mwaka 2010. Katika arusi hiyo ya pili walihudhuria wageni wa nyumba nyingi za kifalme za Ulaya, na wanawake walivaa taji walizorithi au kuazimwa na jamaa zao. Hivyo hata wakuu hawa, wengi wao huvaa kwa siku moja kitu ambacho si chao. Wao ni watunzaji tu, na kesho atakivaa mwingine.

Lakini kito cha tatu ndicho kilichotuvuta kuandika. Katika vijiji vya Uswidi, kwa karne nyingi, makanisa mengi yalikuwa na taji ya bibi arusi, iliyotengenezwa kwa fedha na mara nyingi kupakwa dhahabu. Haikuwa mali ya mtu. Ilitunzwa na kanisa, na bibi arusi aliazimwa bure au kwa malipo madogo. Binti wa tajiri na binti wa mkulima maskini walisimama madhabahuni wakiwa na taji ile ile. Desturi hii ingalipo katika sharika kadha wa kadha.

Hapo twaona faida kwetu. Katika vijiji vyetu wako vijana wapendanao ambao huahirisha ndoa mwaka hata mwaka, kwa sababu ya gharama za mavazi na mapambo. Wengine huishi pamoja bila baraka ya kanisa, huku wakiona haya kusimama mbele ya watu na nguo za kila siku. Je, wazee wa kanisa hawawezi kununua taji moja njema na shela moja, vitunzwe katika sanduku la usharika, aazimwe kila bibi arusi? Nguo hutaka kupimwa, maana watu hawana mwili mmoja. Lakini taji yaweza kukaa juu ya kila kichwa. Wala tusiogope kwamba tutafundisha majivuno. Mtume Petro aliwaonya wanawake wasitegemee mapambo ya nje. Na pambo lililo la wote halina wa kulijivunia.

Almasi ya Mwadui ilimpamba malkia mmoja, na taji ya Josephine imepamba jamaa moja. Taji ya kanisa hupamba kijiji kizima, mmoja baada ya mwingine, nayo haipungui.