Maputo ya Malindi na Utandu wa Ozoni

Itajwapo Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Malindi, fikira za wengi huenda kwenye yale majukwaa ya Waitaliani yaliyosimama kwa miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, na kwenye maroketi yaliyoruka hapo, hasa lile la tarehe 12 Disemba 1970 lililochukua satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Sifa hiyo ni ya haki, wala sikusudii kuipunguza; lakini iko habari nyingine ya anga la pwani hii ambayo haikutangazwa sana, nayo ni ya maputo ya mpira yaliyorushwa Malindi tangu 1999 hadi katikati ya miaka ya 2000, kwa ajili ya kupima ozoni.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1913 wanazuoni wawili wa Ufaransa, Charles Fabry na Henri Buisson, walibainisha kwamba ozoni iliyo juu yetu ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ya jua. Na mwaka 1934, huko Stuttgart, Erich Regener na mwanawe Victor walifunga chini ya puto chombo cha kupiga picha za miale hiyo, wakakipandisha kiasi cha kilomita 30, ikadhihirika kwamba ozoni nyingi ilikuwa imeachwa chini yake. Wala Afrika ya Mashariki haikuwa ngeni kwa maputo: tangu 1908 Mjerumani Arthur Berson alikwisha kuyarusha penye Ziwa Viktoria, akakuta juu sana pepo zitokazo magharibi, mahali ambapo wataalamu walitazamia pepo za mashariki. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo ikafahamika kwamba pepo za huko juu ya ikweta hupokezana, mashariki na magharibi, katika mzunguko wa miezi 28 hivi, na kwamba ozoni nayo huongezeka na kupungua pamoja nazo.

Chombo kilichopandishwa Malindi ni kidogo, na hikima yake yanistaajabisha: pampu huvuta hewa na kuipitisha katika maji yenye chumvi ya potasiamu ayodidi, ozoni ikagusana nayo na kuzaa umeme hafifu, na kadiri ya umeme huo ndiyo kadiri ya ozoni, ambayo redio huiarifu ardhini mpaka puto lipasuke, aghalabu baada ya kupita kilomita 30. Vipimo hivyo viliingia katika mtandao uitwao SHADOZ, ulioasisiwa 1998 na Anne Thompson wa NASA, kwa kuwa nchi za joto za kusini zilikuwa na vituo vichache mno. Malindi ikawa safu moja na Natal ya Brazil, Samoa, Réunion na Nairobi.

Haja ya kupima hapa ni kubwa. Tundu la ozoni lililotangazwa 1985 liko Antaktika, si kwetu. Lakini ozoni nyingi hutengenezwa na jua kali la ikweta, kisha hewa ipandayo ikaichukua kwenda pande za ncha za dunia, hata yetu sisi, lau ingekusanywa yote usawa wa bahari, unene wake aghalabu usingefika milimita 3. Utandu mwembamba na jua la utosini hukutana juu ya mtu mmoja: mvuvi ashindaye mashuani, na zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakatia umri.

Nairobi ingali ikirusha maputo yake Dagoretti, kazi iliyoanza 1996 kwa msaada wa Waswisi. Lakini Dagoretti iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na tabaka lote la hewa lililo chini ya kimo hicho, ambamo kaskazi huja na hewa ya upande wa Asia na kusi ikaja na hewa ya bahari kuu, haliwezi kupimwa kutoka huko. Kwa hiyo naona kukoma kwa vipimo vya Malindi ni hasara ya kweli, na kwamba kazi hii, ambayo gharama yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya roketi, yastahiki kurejeshwa Malindi na kukabidhiwa vijana wa Kilifi waliosomea fizikia.