Mackinnon Road: Ushuru Wagombewa, Historia Haina Mwenyewe

Kaunti za Kwale na Taita Taveta zimevutana miaka mingi kuhusu Mackinnon Road: mpaka upite wapi, ushuru uende kwa nani. Wasafiri wa Nairobi wanapajua kwa ule msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli. Kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na uwanja wa ndege wa wanamaji wa Uingereza, huko nyikani mbali na bahari, halitajwi na upande wowote.

Chanzo ni Aprili 1942. Ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee, zikaizamisha Hermes, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege. Admirali Somerville, kamanda wa wanamaji wa Uingereza huko, akahamishia ngome yake Kilindini, Mombasa. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kufumbua siri za Wajapani. Ndege za manowari nazo zilihitaji pa kutua meli zao zikiwa bandarini, na Mackinnon Road ikawa pa kutua.

Manowari za kubeba ndege zilikuwa chache, kwa hiyo Waingereza wakageukia meli za biashara. Ya kwanza waliiteka kwa Wajerumani mwaka 1940: Hannover, ambayo walifyeka sehemu ya juu, wakatandaza sitaha ya kurukia ndege na kuiita Audacity. Ilizamishwa Desemba 1941. Kisha viwanda vya Marekani vikaanza kuziunda kwa wingi juu ya matumbo ya meli za mizigo. Hazikuwa na mbio, lakini misafara ya kulindwa ilikuwa ya polepole zaidi.

Msafara ulioondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Ceylon haukuwa na hata moja. Ndani ya meli ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga, vijana wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Walionusurika walikuwa bado wanaelea pale manowari Petard na Paladin zilipoanza kuisaka nyambizi iliyojificha chini yao, na mabomu ya kina yakarushwa katikati ya watu. Wakubwa walisema hapakuwa na njia nyingine, ingebaki kuzamisha meli nyingine. Huenda. Lakini walioulizwa kuhusu uamuzi huo hawakuwa wale waliokuwa majini. Waliokufa ni takriban 1,300.

Mwezi mmoja kamili baadaye, 12 Machi, ndege za Battler, mojawapo ya hizo meli zilizoundwa juu ya tumbo la meli ya mizigo, ziliiona Brake, meli ya mafuta ya kulisha nyambizi za Kijerumani, kusini-mashariki mwa Mauritius. Manowari Roebuck ikaimaliza. Agosti ndege za Begum na Shah, meli za aina hiyo hiyo, zikasaidia kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-198, iliyokuwa imezamisha meli mashariki mwa Dar es Salaam.

Battler ilivunjwa 1946. Shah ilirudi kwenye biashara, ikawa Salta, meli ya abiria ya Argentina, na mwaka 1963 iliokoa mamia ya watu wa meli ya Lakonia iliyoungua baharini. Mackinnon Road ikawa bohari ya jeshi, kisha kambi ya kuwafungia washukiwa wa Mau Mau.

Askari wa Khedive Ismail wanakumbukwa kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kaunti yoyote itakayoshinda katika mzozo wa mpaka huu, na iweke kibao cha kueleza uwanja ule ulikuwa wa nini.