Ibrahim, Mwana wa Mtume (S.A.W.)

Ndugu zangu, madrasa tulihifadhi majina ya watoto wa Mtume (S.A.W.) mpaka yakakaa ulimini: Qasim, Abdullah, Ibrahim... Kumbe hatukuwahi kuuliza huyu wa mwisho aliishi muda gani.

Alizaliwa Madina, Dhul-Hijja mwaka wa 8 Hijria. Mamake ni Bi Maria, wa kutoka Misri. Aliyemnyonyesha ni mke wa Abu Sayf, mhunzi. Mtume alikuwa akienda huko kumbusu mwanawe, nyumba imejaa moshi wa kufulia chuma.

Alifariki lini? Wako waliosema tarehe 10 Rabiul-Awwal, mwaka wa 10, akiwa na miezi kama 16. Lakini siku hiyo jua lilipatwa, na jua halipatwi tarehe 10, hupatwa mwezi unapoisha. Ibn Taymiyya aliliona kosa hili zamani. Wanafalaki wakipiga hesabu wanapata 27 Januari 632, yaani mwishoni mwa Shawwal. Basi alifika kama miezi 22. Miezi sita zaidi, si haba kwa babake.

Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili yake. Fikiria baba aliyefiwa, na wanawe wengine wa kiume walishafia Makka! Angenyamaza tu, wangeamini. Yeye akawaswalisha, kisha akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Machozi lakini hakuyaficha. Abdurrahman bin Awf alipostaajabu kumuona analia, alimjibu kuwa hiyo ni rehema.

Ibrahim amezikwa Baqi.