Kusokota

Neno kusokota, ambalo siku hizi huwajia watu midomoni zaidi tumbo linapowauma, ni neno la kazi yenye heshima kubwa mwambaoni, kwani wachimbuaji wa magofu ya Kilwa waliokota vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo hutiwa kijitini ili kizunguke sawasawa na kuipota pamba hata iwe uzi. Na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, asema nguo za mji ule zilisafirishwa hadi Misri. Wahindi walikuwa na gurudumu la kusokotea; watu wa mwambao walitosheka na kijiti. Kisha Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, akafanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na merikani, nguo ya pamba ya kutoka kwao, iliyo rahisi kuliko jasho la msokotaji, ikazidi kumiminika kwa marobota. Msomaji mwenye wazee wanaokiita kijiti cha kusokotea kwa jina la lahaja yao, tafadhali atuandikie.