U-198: Vita vya Ulaya Vilipofika Bahari Yetu

Wengi wetu tukisikia Vita Vikuu vya Pili twafikiria Ulaya. Nami nilidhani hivyo hadi niliposoma habari za U-198, nyambizi ya Ujerumani.

Iliundwa Bremen na kuanza kazi Novemba 1942. Ilikuwa ya aina ya IXD2, yenye uwezo wa safari ndefu, ndiposa ikazunguka Afrika Kusini na kuingia Bahari ya Hindi. Kwa safari mbili ilizamisha meli 11 za biashara: 7 mwaka 1943 chini ya Werner Hartmann, na 4 mwaka 1944 chini ya Burkhard Heusinger von Waldegg. Mbili za mwisho, Empire City na Empire Day, zilizama tarehe 6 na 7 Agosti 1944.

Siku 5 baadaye, karibu na Shelisheli, manowari Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India ziliizamisha. Wanamaji wake wote 66 walikufa.

Mabaharia wa meli zile hawakuwa askari. Walitafuta riziki, kama vijana wetu waendao melini leo. Ndugu msomaji, tukisikia vita vya baharini, tusiseme havituhusu.